Dagaa Waliopanda Ufipa

Kamba wa baharini ni mgeni Sumbawanga. Mji uko kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na pwani iko mbali mno kwa kiumbe anayeoza upesi. Anayekaangwa hapa hadi alie kau kau mdomoni ni dagaa wa Ziwa Tanganyika.

Hupandishwa kutoka Kirando, Kipili na Kasanga, ile ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg. Zamani wavuvi waliwavuta usiku kwa mienge ya moto mtumbwini. Miaka ya 1950 karabai zikaanza kuchukua nafasi yake. Mwezi ukiwa mpevu kazi hulala, kwani mwanga wake huzishinda taa. Asubuhi dagaa huanikwa, wengine mchangani. (Nunua wa chanja, mchanga haukaangiki.)

Wafipa, wenyeji wa uwanda huo, nao zamani hawakuwa na mikono mitupu katika biashara na watu wa ziwani: walikuwa na ulezi, vitambaa vya pamba, na majembe ya chuma kilichoyeyushwa katika matanuru marefu yaitwayo malungu. Chumvi nayo ilichemshwa Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, kwa karne nyingi.

Leo kikaango hutegemea alizeti, zao lenye asili ya Amerika. Dagaa hutolewa vichwa, huoshwa kwa maji ya moto, hukaushwa, kisha hupakwa unga wa ngano wenye chumvi na pilipili. Mafuta yasipochemka vizuri, watayanyonya tu.

Jamaa za dagaa hawa wa Tanganyika walipelekwa Ziwa Kariba mwaka 1967 na 1968, na sasa ndio uti wa mgongo wa uvuvi wa kibiashara huko.