Makovu ya Askari Mbele ya Bodi ya Rufaa za Maveterani Nchini Marekani

Sheria ya Marekani ya kuwafidia askari walioumia jeshini ilijengwa juu ya swali moja, yaani mtu amepungukiwa kwa kiasi gani na uwezo wa kujipatia riziki, na ni machache kati ya madhara ya vita yaliyolisumbua swali hilo kama kovu. Kovu ni ushahidi wa wazi kwamba mwili uliumia, lakini pia ni dalili kwamba jeraha limefunga, na ndiyo maana afisa wa madai aliweza kulitazama, akakiri kwamba askari alijeruhiwa, kisha akaamua kwamba hastahili kulipwa chochote.

Sheria ya pensheni ya Julai 1862, iliyopitishwa wakati Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vikiwa vimepamba moto, ilimpa askari wa kawaida aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi za mikono dola 8 kwa mwezi, huku aliyepoteza sehemu ya uwezo huo akilipwa kwa kadiri ya alichopoteza. Waombaji walichunguzwa na madaktari walioteuliwa na serikali, na fomu za madaktari hao zikaja kuchapishwa michoro ya mwili wa binadamu, mbele na nyuma, ili daktari aonyeshe kwa kalamu mahali risasi ilipoingilia na mahali ilipotokea. Kwa kipimo hicho, kovu lililokaza kiwiko lilikuwa na thamani, kwa sababu kiwiko kisichokunjuka hakishiki jembe, ilhali kovu lililoharibu sura bila kugusa kiungo lilikuwa vigumu kupata nafasi katika hesabu.

Mabadiliko ya sheria ya Oktoba 1917 yaliweka msingi unaotumika hadi leo, yaani ulemavu hupimwa kwa asilimia kulingana na wastani wa upungufu wa kipato ambao jeraha la namna hiyo huwaletea watu kwa jumla, si kulingana na hasara ya mhusika mwenyewe. Mwaka 1933 Rais Franklin Roosevelt aliunda Bodi ya Rufaa za Maveterani, chombo cha mwisho cha kusikiliza malalamiko ya askari wastaafu waliokataliwa madai yao, na katika mwaka huohuo sheria ya kubana matumizi ilizizuia mahakama kuyapitia maamuzi hayo. Kwa miaka 55 neno la Bodi likawa la mwisho. Jedwali la viwango vya ulemavu la mwaka 1945 liliyapa makovu namba zake, na kwa makovu ya kichwa, uso na shingo kanuni ilitofautisha kati ya kovu dogo, ambalo halikulipiwa, la wastani, kali, na la kutia kinyaa. Maneno hayo yalimwachia mtazamaji uamuzi wote, na haikuwa haki kwamba malipo ya askari yategemee jinsi afisa mmoja alivyoshtushwa na uso wake.

Kabla ya kufikia asilimia, mdai alitakiwa kuthibitisha kwamba kovu lilitokana na utumishi, na hapo karatasi moja ilikuwa na uzito wa pekee. Fomu ya uchunguzi wa afya iliyotumiwa na majeshi kwa miongo mingi, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, ilikuwa na kisanduku cha alama za utambulisho, makovu na chale. Sheria humchukulia askari kuwa aliingia jeshini akiwa mzima isipokuwa kwa kasoro zilizoandikwa siku hiyo, kwa hiyo kovu la goti lililoandikwa wakati wa kutoka lakini halimo katika fomu ya kuingia lilikuwa hoja nzito, na mstari mmoja ulioandikwa kwa haraka siku ya usajili uliweza kulidhoofisha dai miaka 40 baadaye. Julai 1973 moto uliunguza kituo cha kumbukumbu za watumishi huko St. Louis na kuteketeza majalada kati ya milioni 16 na milioni 18, mengi yakiwa ya Jeshi la Nchi Kavu. Kwa wengi walioathirika, kilichobaki kilikuwa ngozi yao na maelezo yao wenyewe, ingawa sheria ya Desemba 1941 ilikuwa tayari imeagiza kwamba neno la askari aliyepigana lipokelewe hata bila hati rasmi, mradi lipatane na mazingira ya utumishi wake.

Sheria ya Novemba 1988 ilifungua mlango wa mahakama kwa kuunda mahakama maalumu ya rufaa za maveterani. Mwaka 1994 mahakama hiyo ilisikiliza rufaa ya mkongwe aliyejeruhiwa usoni, ambaye Bodi ilimpa asilimia 10 tu kwa madhara yote kwa jumla, ikihofia kulipa jeraha moja mara mbili. Mahakama iliamua kwamba sura iliyoharibika, kovu linalouma na misuli iliyodhoofika hata kutafuna kukawa kwa shida ni madhara matatu yasiyoingiliana, na kila moja lilistahili kiwango chake. Hukumu hiyo ilitambua jambo ambalo jedwali lilikuwa limelificha, kwamba kovu moja linaweza kumdhulumu mtu kwa njia kadhaa.

Agosti 2002 maneno ya kinyaa yaliondolewa, na mahali pake zikawekwa sifa 8 zinazopimika, zikiwamo urefu wa kuanzia sentimita 13, upana wa kuanzia sentimita 0.6, na kovu kugandamana na nyama iliyo chini yake. Sifa moja huleta asilimia 10 na sita au zaidi huleta 80, na kanuni inataka picha za rangi zisizorekebishwa zizingatiwe. Kanuni ya Oktoba 2008 iliyapanga upya makovu yanayouma na yale ambayo ngozi yake hubanduka mara kwa mara, ikiyahesabu kwa idadi, ili wenye makovu matano au zaidi ya aina hiyo wapate asilimia 30.

Hata hivyo, kundi moja lilisaidiwa kidogo sana na vipimo hivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili takriban wanajeshi 60,000 wa Marekani walitumiwa katika majaribio ya siri ya gesi ya haradali na sumu nyingine zinazounguza ngozi, wakaamriwa wasimwambie yeyote, hata daktari wao. Kanuni ya mwaka 1994 iliyaweka makovu miongoni mwa madhara yanayokubaliwa kutokana na gesi hiyo, lakini ikadai uthibitisho kwamba mwili mzima uliathiriwa, uthibitisho ambao usiri wenyewe ulikuwa umeuzuia kuandikwa. Bunge liliagiza mwaka 2017 kwamba madai yaliyokataliwa yapitiwe upya kwa masharti nafuu, na kufikia wakati huo waliokuwa wangali hai walikuwa wazee wa miaka 90 hivi au zaidi.