Mama, Niko Klasi

Siku niliyokuwa naandaa simu yangu ya zamani nimtumie mdogo wangu Kitale, nilifuta karibu kila kitu. Picha, namba, meseji, programu za mkopo (hizo za mkopo nilizifuta kwa furaha). Nikatoa laini, nikapangusa kioo na shati. Ningeweza kuirudisha yote ilivyotoka kiwandani, lakini jamaa alitaka muziki na gemu zilizokuwa ndani. Kisha nikataka kuona kama kioo bado kinashika pale pembeni palipopasuka. Nikaandika "Mama, niko". Juu ya kibodi yakatokea maneno matatu ya kuchagua. La katikati lilikuwa "klasi".

Nikaligusa. Likafuata "nitakupigia". Nikaligusa hilo pia. Likafuata "jioni".

Mama, niko klasi nitakupigia jioni. Simu ilikuwa imenimalizia uongo wangu bila kusita. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, na nyumbani hawakujua kwa miezi minane. Katika miezi hiyo, kila mama alipopiga nikakata, hiyo ndiyo meseji niliyomtumia, nikiwa bado kitandani Roysambu saa tano asubuhi, ama nikiandika makala za watu kuhusu namna ya kuosha mbwa, pesa kidogo kwa kila makala. Baadaye nilimwambia ukweli. Hakunigombeza. Alisema tu mdogo wangu asijue kwanza, hadi aingie chuo na atulie. (Ametulia. Ameisoma makala hii kabla yako.)

Sasa fikiria. Simu inaenda kwa kijana ambaye mama yake ni mama yangu. Anafika chuoni, anapigiwa, anakata, anaandika "Mama, niko", na kibodi inampa yanayofuata. Huko Kitale mama anapokea maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, kutoka kwa mtoto wa pili.

Nikafanya kile ambacho wengi hufanya. Nikabonyeza "klasi" nikaishikilia, nikaivuta hadi kwenye pipa la taka. Ikaondoka. Nikaandika tena "Mama, niko", nikapewa "darasani". Nikaivuta hiyo pia. Nikapewa "shule". Kumbe nilidanganya hadi kwa visawe! Hapo nikakaa chini nikajiuliza: hii orodha iliyo chini ya kidole changu ilitoka wapi, na nani aliiandika?

Orodha ya kwanza niliyokutana nayo ilikuwa kwenye mulika mwizi ya mama. Vitufe vinane, kila kimoja kikibeba herufi tatu au nne, na ndani yake T9. Hiyo T9 ilitengenezwa miaka ya 1990 na kampuni ya Tegic ya Seattle, Marekani. Mmoja wa waanzilishi wake, Cliff Kushler, alikuwa amefanya kazi ya vifaa vya kuwasaidia watu wasioweza kuzungumza. Ujanja wake ni rahisi: unabonyeza kila kitufe mara moja tu, simu inatazama kwenye orodha yake ni neno gani linaweza kutoka kwenye namba hizo. Shida ni kwamba orodha ya simu ya mama ilikuwa ya Kiingereza. Ukitaka "poa" unabonyeza 762, na 762 kwa Kiingereza ni "rob". Mtu anakuuliza habari, unamjibu kwa kumwambia aibe. Ukitaka "nane", kama saa nane, unabonyeza 6263 unapata "name". Hata ungeipa orodha ya Kiswahili usingepona, maana "kaka" na "lala" zote ni 5252. Mama alizima T9 siku ya pili, akarudi kubonyeza kitufe mara tatu tatu, na hadi leo anaandika haraka kuliko mimi.

Orodha ya namna hiyo ni ya ruhusa. Kuna mtu mahali fulani aliyekaa akaamua haya ndiyo maneno, na usipoandika mojawapo ya hayo basi umekosea. Sisi tunaoandika Kiswahili tulizoea jambo hilo kabla hata babu zetu hawajaona simu.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Imejaa Kimvita, kwa sababu alisikiliza watu waliokuwa karibu naye. Lakini mwaka 1928 kulifanyika mkutano mjini Mombasa, na uamuzi ukawa kwamba Kiswahili cha shule na vitabu kijengwe juu ya Kiunguja. Uamuzi wa kuipita lahaja ya Mombasa ulifanyiwa Mombasa! Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi nne zilizokuwa chini ya Waingereza, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, ndiye ambaye jina lake liko kwenye kamusi sanifu ya 1939. Kamati ilipitia vitabu na kuvipa kibali. Waafrika walianza kuingizwa kwenye kamati hiyo miaka ya 1940, wakati kazi kubwa ya kuchagua maneno ilikuwa imeshafanywa.

Sisemi kazi yao ilikuwa bure. Bila tahajia moja ningekuwa naandika makala hii kwa namna ambayo msomaji wa Dodoma angechoka nayo. Lakini nina rafiki wa Mji wa Kale ambaye kwao njia ni "ndia", njaa ni "ndaa", na macho ni "mato". Akiandika "niko ndiani", simu yake inampeleka India. Karibu miaka 100 baada ya mkutano ule, kibodi iliyotengenezwa ng'ambo na watu ambao pengine hawajawahi kumsikia Johnson bado inamwambia mtu wa Mombasa kwamba amekosea.

Na hata Kiswahili sanifu chenyewe orodha haikitoshi. Chukua kitenzi kimoja, "piga". Nafsi sita za mtendaji, nyakati nne za kawaida (na, li, ta, me), nafsi sita za mtendwa: hapo tayari una 144, ukihesabu na zile zisizo na maana kama mimi kunipiga mimi. Bado hujagusa pigia, pigwa, pigana, pigisha, wala kukanusha, wala "aliyenipigia". Kwa Kiingereza kitenzi kina maumbo manne au matano, unayaandika kwenye orodha unaenda kunywa chai. Ndiyo maana kibodi nyingi zinapiga mstari mwekundu chini ya neno "hatukuwapigia" kana kwamba umetukana. Kwa lugha yetu, mtengenezaji anayetaka kutusaidia lazima aachane na ruhusa aanze kusikiliza watu wanasema nini mara kwa mara.

Kusikiliza huko kuna historia ndefu kuliko nilivyodhani. Mwaka 1913 Mrusi aitwaye Andrei Markov alichukua shairi refu la Pushkin, Eugene Onegin, akahesabu herufi 20,000 kwa mkono. Alitaka kujua irabu hufuatwa na irabu mara ngapi, na konsonanti mara ngapi. Hakujali shairi linasema nini. Alijali tu nini hufuata nini. Hesabu ya aina hiyo ndiyo mizizi ya vile vineno vitatu vinavyotokea juu ya kibodi yako.

Ila kisa kilichonishika ni cha China. Mwanahistoria Thomas Mullaney ana kitabu cha 2017 kuhusu mashine za taipu za Kichina. Mashine hizo hazikuwa na vitufe kama tunavyovijua. Zilikuwa na sinia lenye herufi za chuma zaidi ya 2,000, na mpiga taipu aliitafuta kila moja kwa macho kabla ya kuipiga. Mwanzoni herufi zilipangwa kama kamusi, kila moja na mahali pake rasmi. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1950, baada ya mapinduzi, wapangaji wa chapa na wapiga taipu wakaanza kuzihamisha. Herufi zinazotembea pamoja wakaziweka pamoja. Kando ya jina la Mao wakaweka herufi za "mwenyekiti". Misemo ya chama, matusi kwa mabeberu, yote yakawa majirani kwenye sinia. Kasi ikapanda ajabu. Ilikuwa ni kutabiri maneno, bila umeme, bila kompyuta.

Soma hapo tena polepole. Mashine ilienda kasi kwa sababu watu walikuwa wanarudia mambo yale yale. Nchi ambayo kila mtu anaandika lake lisingeisaidia sinia. Kwa hiyo mpiga taipu wa Beijing wa mwaka 1953 angekuonyesha sinia lake, na bila kusoma barua hata moja ungejua ofisi yake ilikuwa inasema nini kutwa kucha.

Simu yangu ilikuwa sinia la namna hiyo. Sikuwa na mwenyekiti, nilikuwa na mama.

Simu za kioo zilipoanza kuja, kuanzia ile ya Apple ya 2007, kibodi ilibidi ikisie tu, kwa sababu kidole gumba ni kinene na herufi kwenye kioo ni ndogo. Mwaka 2008 kampuni ya SwiftKey ilianzishwa London, na sifa yake ikawa kwamba kibodi yake inajifunza namna wewe mwenyewe unavyoandika. Hapo ndipo Sheng, na "ndiani", na majina ya mitaa, vilipata pa kukaa bila kuomba kibali kwa kamati yoyote. Andika "nimechoma" mara tano, simu itakubali, na haitakuuliza ulichoma nyama ama ulijiaibisha.

Lakini kinachojifunza hukumbuka, na kinachokumbuka huvuja. Julai 2016, wakati SwiftKey ilikuwa tayari ya Microsoft, baadhi ya watumiaji walianza kupewa mapendekezo ya watu wengine: lugha wasizozijua, hata barua pepe za watu wasiowafahamu. Kampuni ikasimamisha kwa muda huduma ya kuhifadhi maneno mtandaoni. Mwaka uliofuata Google ikaeleza njia nyingine, ambapo kibodi inajifunza ndani ya simu yenyewe, na kinachotumwa kwao ni muhtasari wa mafunzo wala si ulichoandika. Kenya nayo mwaka 2019 ikapitisha Sheria ya Ulinzi wa Data, inayokupa haki ya kudai taarifa zako zifutwe katika hali fulani. Nzuri sana. Ila sheria hiyo inamtazama mtu aliyeshika data yako. Mimi aliyeshika alikuwa mimi, na aliyekuwa anavujishiwa alikuwa mdogo wangu.

Basi nikaacha kuvuta neno moja moja. Ukifuta neno hujafuta mazoea yaliyolileta, kesi yangu ya "darasani" na "shule" ilikuwa ushahidi tosha. Nikaingia mipangilio ya kibodi, sehemu ya faragha, mahali pa kufuta maneno yote iliyojifunza. Kibodi yangu ina kitu kimoja hapo ambacho sikukitarajia: haitosheki na kubonyeza "sawa". Inakuonyesha namba, inakutaka uiandike mwenyewe ndipo ifute. Nadhani ni kwa sababu watu hubonyeza "sawa" bila kufikiri. Nilikaa na namba hiyo kwa muda. Ndani mle hamkuwa na uongo tu. Mlikuwa na jina la utani la mtu tuliyeachana, na ilikuwa inaliandika vizuri kuliko ninavyoliandika mimi. Mlikuwa na maneno ya Kibukusu ya nyanya ambayo nilikuwa nimehangaika kuifundisha kwa miaka. Mlikuwa na kichwa cha utafiti wangu wa chuo, neno kwa neno, ambacho sikumaliza hata sura ya kwanza yake. Kamusi ya kwanza niliyowahi kuandika, na pengine kitu pekee nilichoandika kila siku bila kukosa.

Nikaandika namba.

Nikajaribu tena: "Mama, niko". Nikapewa "na", "hapa", "sawa". Kiswahili cha mtu yeyote.

Kesho yake nikaifunga kwenye boksi la viatu nikaipeleka stejini, ikaenda na shatoli ya usiku. Mdogo wangu aliipokea asubuhi, na meseji yake ya kwanza, yenye makosa ya herufi matatu ambayo hakuna aliyeyasahihisha, ilikuwa inauliza mbona simu hii haijui kuandika.

Nikamwambia aiandikie tu, itazoea.