Kamera ya Gari: Shahidi Aliyetafutwa kwa Miaka Mia Moja

Usiku wa Januari 23, 1991, konstebo Darrell Lunsford alisimamisha gari moja karibu na mji mdogo wa Garrison, mashariki mwa jimbo la Texas, Marekani. Alikuwa peke yake. Ndani ya gari lile mlikuwa na wanaume watatu. Upekuzi ulipofika kwenye buti, wakamrukia, wakamwangusha na kumuua kwa bastola yake mwenyewe, kisha wakatokomea. Lakini gari la konstebo lilikuwa na kamera ya video iliyokuwa ikirekodi tangu mwanzo. Tepu yake iliwasaidia polisi kuwatambua watuhumiwa, na mahakamani ikasema yale ambayo marehemu asingeweza tena kuyasema.

Zaidi ya miaka 30 baadaye, chombo kilichohitaji sanduku zima kwenye buti kinaenea kwenye kiganja. Kinauzwa Kariakoo, kinauzwa Luthuli Avenue jijini Nairobi, na wengi wanakiita dashikamu. Madereva wa teksi za mtandaoni, wenye malori ya masafa marefu na wenye magari binafsi wanakifunga kwenye kioo cha mbele. Shida ya mnunuzi ni kwamba maboksi yote yameandikwa sifa zilezile huku bei zikipishana mno. Njia nzuri ya kuzichambua sifa hizo ni kurudi nyuma na kuuliza kila moja ilizaliwa kwa shida gani. Anayeifuatilia historia hiyo hukutana na jambo moja tena na tena: wenye kamera huangushwa na rekodi kukosekana, mara chache sana huangushwa na picha kukosa urembo.

Tramu, tepu na polisi

Wazo la kuweka kamera mbele ya chombo kinachotembea ni la zamani kuliko lami ya barabara zetu nyingi. Aprili 1906, kampuni ya ndugu wa familia ya Miles ilipiga filamu ya mtaa wa Market, San Francisco, kamera ikiwa mbele ya tramu ya kebo. Siku chache baadaye, Aprili 18, tetemeko la ardhi likaubomoa mji huo. Mwaka 1907 William Harbeck alifanya kazi kama hiyo katika miji ya Victoria na Vancouver, Kanada, akizungusha mpini wa kamera kwa mkono. Hizo zilikuwa filamu za burudani. Leo ni kumbukumbu za thamani za jinsi magari, farasi na watembea kwa miguu walivyogombea njia moja.

Polisi wa Marekani walianza mapema kutamani macho ya ziada barabarani, ila filamu ilikuwa ghali na ilihitaji kusafishwa maabara. Mlango ulifunguka miaka ya 1980, mkanda wa video ulipokuwa bidhaa ya nyumbani. Msukumo mkubwa ulitoka kwa waliokuwa wakipambana na ulevi barabarani, kikiwemo chama cha akina mama kinachoitwa MADD, kilichoanzishwa California mwaka 1980. Kabla ya hapo kesi ya dereva mlevi ilikuwa neno la polisi dhidi ya neno la mshtakiwa. Video ilimwonyesha dereva akipepesuka kando ya gari lake, na baraza la mahakama likajionea.

Mitambo ya wakati huo ilikuwa mizito. Kamera ilikaa mbele, mashine ya kurekodia ikafungiwa kwenye sanduku ndani ya buti, na tepu ilijaa baada ya saa chache. Ikijaa bila kubadilishwa, kinachofuata hakirekodiwi. Udhaifu huo ndio ulioondolewa na kamera za memori kadi: zinakata video vipande vya dakika moja hadi tano, na kadi ikijaa zinafuta kipande cha zamani kabisa ili kipya kipate nafasi. Kamera yoyote isiyofanya hivyo yenyewe, bila kuguswa na dereva, haifai hata kujadiliwa bei.

Miaka ya 1990 malalamiko yalizidi kwamba madereva weusi wa Marekani walikuwa wakisimamishwa kwa sababu ya rangi yao. Serikali kuu ikatoa fedha za kununulia majimbo kamera. Mwaka 2000 ni asilimia 11 tu ya magari ya doria ya polisi wa majimbo yaliyokuwa nazo. Miaka michache baadaye zilifika asilimia 72.

Hata hivyo, wingi wa kamera haukuleta uhakika wa ushahidi. Oktoba 20, 2014, mjini Chicago, polisi Jason Van Dyke alimpiga risasi 16 kijana Laquan McDonald, mwenye umri wa miaka 17. Magari kadhaa ya polisi yalikuwepo, yakiwa na kamera, lakini hakuna hata moja lililotoa sauti ya maana. Video moja ilionyesha kijana akiwa anawapita askari kwa pembeni, tofauti na maelezo ya awali ya polisi. Wananchi waliiona mwaka mmoja na mwezi mmoja baadaye, kwa amri ya mahakama, na mwaka 2018 Van Dyke akatiwa hatiani. Picha ilikuwepo, ila nusu ya ushahidi ilipotea kwa vifaa ambavyo havikuwa vikifanya kazi ipasavyo. Kamera huaminika kwa kiasi kile inachokaguliwa.

Urusi na kimondo

Kamera ilitoka kwa polisi ikaingia kwa wananchi, na mahali ilipopokelewa kwa kishindo ni Urusi. Huko bima ya lazima ilianza mwaka 2003, na pamoja nayo wakaja matapeli: wanaofunga breki ghafla mbele yako ili uwagonge, na wanaojirusha juu ya boneti ya gari linalotembea polepole kisha kudai fidia. Dereva asiye na shahidi alilipa. Mwaka 2009 vikwazo vya kufunga vifaa hivyo ndani ya magari vilipolegezwa, kamera za bei nafuu zikaenea kwa kasi.

Asubuhi ya Februari 15, 2013, kuenea huko kulizaa jambo ambalo hakuna mnunuzi aliyelifikiria. Kimondo chenye upana wa takriban mita 20 kilipasuka angani karibu na jiji la Chelyabinsk. Watu wapatao 1,500 walijeruhiwa, wengi kwa vioo vya madirisha vilivyovunjwa na wimbi la mshindo. Madereva waliokuwa wakienda kazini walikuwa wamekirekodi kutoka pande zote za mkoa. Wanasayansi, wakiwemo Jorge Zuluaga na Ignacio Ferrín wa Colombia, walitumia video na vivuli vilivyoonekana humo kukokotoa njia ya kimondo hicho angani. Oktoba mwaka huohuo kipande cha zaidi ya kilo 600 kiliopolewa kutoka Ziwa Chebarkul.

Miaka miwili baadaye ilikuwa zamu ya Taiwan. Februari 4, 2015, ndege ya TransAsia safari namba 235 iligonga daraja la barabara mjini Taipei na kuanguka mtoni. Watu 43 kati ya 58 walifariki. Kamera za magari yaliyokuwa darajani zilinasa sekunde za mwisho. Madereva wa Chelyabinsk na Taipei walikuwa na kitu kimoja kinachofanana: hakuna aliyebonyeza kitufe. Kamera ziliwaka pamoja na gari na zikaendelea na kazi yake.

Japani, tunakonunua magari

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, historia ya Japani iko karibu zaidi, kwa kuwa magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa bandari za Dar es Salaam na Mombasa yanatoka huko. Wako waliofungua mlango wa gari jipya kwao wakakuta kamera ndogo nyuma ya kioo cha ndani, maandishi yake yote ya Kijapani.

Kamera hizo zina sababu. Januari 15, 2016, basi lililokodiwa kupeleka vijana kwenye michezo ya theluji lilianguka Karuizawa, watu 15 wakafa. Serikali ikayalazimisha mabasi ya kukodi kuwa na kamera. Kisha Juni 5, 2017, kwenye barabara ya mwendokasi ya Tomei, dereva mmoja aliyekasirishwa alilikatia njia mara kadhaa gari la familia hadi likasimama katikati ya barabara. Lori likatokea nyuma na kuligonga. Mume na mke walikufa, mabinti zao wawili wakanusurika. Taifa zima lilishtuka, mauzo ya kamera yakapanda, na Juni 2020 sheria mpya ikaanza kumwadhibu anayewabughudhi wenzake barabarani. Kwa kuwa anayekusukuma hutokea nyuma, Wajapani wengi walianza kununua kamera mbili, ya mbele na ya nyuma.

Ukikuta kamera ya aina hiyo ndani ya gari ulilonunua, usiitegemee kabla ya kuikagua. Kadi yake inaweza kuwa imechoka, na saa yake bado inahesabu muda wa Japani, uliotutangulia kwa saa sita.

Mbele ya hakimu

Swali la mwisho katika historia hii ni kama mahakama itaikubali video yako. Ujerumani ilibishana kwa miaka mingi, maana sheria zake za faragha ni kali. Mei 15, 2018, mahakama ya juu ya nchi hiyo iliamua kesi ya magari mawili yaliyokwaruzana yakikata kushoto mjini Magdeburg. Ilisema kurekodi barabara mfululizo bila sababu kunavunja sheria ya faragha, lakini video hiyo inaweza kupokelewa katika shauri la madai ya ajali.

Kwetu, Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ambayo katika kifungu cha 18 inaelekeza mahakama kupima uhakika wa namna rekodi ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na uadilifu wake ulivyolindwa. Kenya, kupitia kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, inataka cheti kinachoeleza chombo kilichotoa rekodi hiyo. Nchi zote mbili pia zina sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, kwa hiyo video ya ajali si ya kurushwa mitandaoni ikiwa na sura na namba za watu. Baada ya ajali, chomoa kadi, iweke salama, peleka nakala polisi na kwa kampuni ya bima. Video iliyopitishwa WhatsApp hubanwa na kupoteza ubora, na mawakili wa upande wa pili hawatakosa la kuuliza.

Kinachostahili fedha yako

Kwanza ni joto. Gari lililoachwa juani hupika kila kilicho karibu na kioo cha mbele. Betri ndogo ya lithiamu huvimba kwa joto hilo. Kamera inayotumia kapasita badala ya betri hustahimili zaidi. Muulize muuzaji ndani mna nini.

Pili ni kadi. Nunua iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo, kwa muuzaji anayeaminika, kwa sababu kadi bandia zenye ujazo wa uongo zimejaa sokoni. Piga hesabu pia: kamera inayoandika megabaiti mbili kwa sekunde hula gigabaiti 7.2 kwa saa, hivyo kadi ya gigabaiti 64 haifikishi saa tisa. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Mwanza atakuwa amefuta asubuhi yake kabla ya kufika.

Tatu ni kitambua mshtuko, kinachofungia kipande cha ajali kisifutwe. Ukikiweka kwenye kiwango cha juu, matuta na mashimo yetu yote yatahesabiwa kuwa ajali, na kadi itajaa vipande visivyofutika. Kishushe, ukijaribu barabara unayoipita kila siku.

Nne ni usiku. Neno 4K kwenye boksi halina uzito kama kihisi cha ndani ni dhaifu. Kamera ya 1080p yenye kihisi kizuri, kama zile za familia ya STARVIS ya Sony, inaweza kuizidi. Omba uonyeshwe video ya usiku na ujaribu kusoma namba ya gari linalopishana nawe.

Tano ni saa na umeme. Yenye GPS hurekebisha saa yenyewe na huonyesha mwendo na mahali. Ukitaka ilinde gari likiwa limeegeshwa, fundi umeme aiunganishe kwenye fyuzi kwa kifaa kinachokata umeme betri ya gari inaposhuka. Bila hicho, huenda asubuhi gari lisiwake.

Mwenye fedha kidogo achague kapasita na kadi nzuri kabla ya 4K, na aongeze kamera ya nyuma kabla ya skrini kubwa. Na mwenye kamera tayari aichomoe kadi wiki hii, aangalie tarehe, sauti na video ya mwisho. Akikuta iliishia miezi mitatu iliyopita, ajue kwamba kwa miezi hiyo yote amekuwa akiendesha bila shahidi.