Karani wa Ugenini

Ukienda ofisi ya serikali ya mtaa Mabibo, Dar es Salaam, kuomba barua ya utambulisho, utaulizwa unakaa nyumba gani, mwenye nyumba ni nani na mjumbe wako ni nani. Kabila huulizwi. Mtendaji anayegonga muhuri huenda kwao ni Newala au Ngara, nyuma yako kuna Mkurya, Mluguru na Muha, na hakuna anayeona la ajabu. Wengine watasema ni kwa sababu ya kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa jirani hapo mwaka 1968, au soko la Mahakama ya Ndizi, au hosteli ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mlimani. Sikatai. Lakini viwanda na masoko huchanganya watu kila mahali, na kwingine watu hao hao hushikana mashati. Muhuri usiouliza kabila una asili yake, nayo ni namna nchi hii ilivyowafundisha makarani wake, kisha ikawapeleka mbali na kwao.

Wajerumani ndio walioanza, na walianza vibaya. Shule yao ya serikali Tanga, ya mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilifundisha kusoma na kuandika kwa Kiswahili ili ipate makarani, walimu na wasaidizi wa bomani. Maakida, yaani watumishi wa utawala huo, wengi wao watu wa pwani, wakapelekwa bara kukusanya kodi na kusimamia mashamba ya pamba ya lazima. Vita vya Maji Maji vilipolipuka Umatumbi Julai 1905, maakida walikuwa miongoni mwa walioshambuliwa mwanzo kabisa. Mgeni mwenye kalamu alikuwa amekuja kuchukua, na wenyeji walimhesabu kama adui. Kiswahili alichokuja nacho, hata hivyo, hakikuondoka naye.

Chini ya Waingereza makarani wenyewe wakafanya jambo ambalo hakuna aliyewatuma. Mwaka 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba, Mbondei aliyezaliwa Mbweni, Unguja, aliwaunganisha watumishi wa serikali Waafrika katika chama kimoja. Ndani yake walikuwamo Waislamu na Wakristo, watu wa pwani na wa bara. Kilichowakutanisha ni ajira, mshahara na kiu ya elimu. Mwaka 1929 ikafuata African Association, Dar es Salaam. Rais wake wa kwanza alikuwa mwalimu Cecil Matola, na katibu alikuwa Kleist Sykes, ambaye baba yake aliletwa kutoka Msumbiji kuwa askari katika jeshi la Wajerumani. Tutulie kidogo hapo. Mtoto wa askari wa kuletwa, asiye na mtemi wala shamba la ukoo katika nchi hii, anashika kalamu ya chama ambacho baadaye kilizaa TAA, na TAA ikazaa TANU mwaka 1954. Kwa mtu wa namna hiyo ofisi na chama vilikuwa mlango pekee wa kuingilia uraia, miaka mingi kabla uraia wenyewe haujawapo.

Serikali ya Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, ilivuta upande wa pili. Ilitaka kila kabila litawaliwe na mtemi wake, na pale asipokuwapo alitafutwa hadi akapatikana. Shule ya Tabora ilianzishwa miaka hiyo hiyo kwa ajili ya watoto wa machifu, wasome kisha warudi kutawala kwao. Mmoja wa waliopita pale, Julius Nyerere, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, kabila dogo la Mara, alirudi na jambo tofauti kabisa na alilotumwa: akaja kuongoza nchi nzima. Wasukuma ni wengi mno kulinganishwa na Wazanaki, lakini sioni kama Wasukuma waliona tabu kuongozwa naye.

Mzumbe nako mambo yaligeuka. Waingereza walianzisha shule ya serikali za mitaa pale, chini ya milima ya Uluguru, mwaka 1953, kuwanoa machifu, madiwani na watumishi wao. Uhuru ukaja, utawala wa machifu ukafutwa kwa sheria mwaka 1963, na madarasa yale yale yakawa yanafundisha maofisa wa serikali za mitaa, maofisa wa maendeleo vijijini na mahakimu wa mahakama za mwanzo. Mwaka 1972 kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM, na mwaka 2001 Chuo Kikuu Mzumbe. Mhitimu alipangiwa kituo, akafunga sanduku lake. Mtu wa Bukoba akaamkia Lindi, wa Rungwe akahamia Musoma, akaoa huko na kuzaa watoto wasiojua lugha ya bibi yao. Tofauti yake na akida ni kwamba wenyeji nao walikuwa na kijana wao aliyepelekwa kwingine kwa barua ya kupangiwa kituo kama hiyo.

Wahindi, Waarabu na Wazungu walikuwa mtihani mwingine. Oktoba 1961, bungeni, wapo waliotaka uraia ufuate rangi. Nyerere alikataa kwa ukali na kuwa tayari kujiuzulu, na muswada ukapita kama alivyotaka. Januari 1964 alitangaza kuwa utumishi wa serikali hautabagua tena kati ya raia na raia. Viongozi wa wafanyakazi walinung'unika, na siku chache baadaye askari wa kambi ya Colito wakaasi, ingawa wao walikuwa na madai yao. Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, alishika Wizara ya Fedha kwa miaka mingi. Lakini waziri mmoja hajazi ofisi. Baada ya majumba kutaifishwa mwaka 1971, familia nyingi za Kihindi ziliondoka, na waliobaki wakaegemea biashara. Kwa jamii hii, naona, sheria ilifungua mlango, lakini watu wakaacha kupita.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa kwenye vyeti. Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe zilikuwa na shule za misheni mapema, hivyo barua za ajira zikawafuata watu wa huko. Serikali ikajibu kwa mgao wa nafasi za sekondari kimkoa. Mgao huo ulikuwa na akili, kwa sababu ulitazama mkoa bila kutaja kabila. Ndani ya mkoa, hata hivyo, wachache walibaki kivulini, na kuwahesabu ni vigumu, maana sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho iliyouliza kabila.

Kenya walichukua njia nyingine. Wamakonde wa Kwale, ambao wazazi wao walikwenda kulima mkonge na miwa, waliandamana kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 hadi wakapewa vitambulisho na kuhesabiwa kuwa kabila la 43. Kule unaingia kwa kutajwa. Kwetu unaingia kwa kutotajwa, na njia hiyo imewafaa hata Warundi waliokimbia mwaka 1972: zaidi ya 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa uraia, na vyeti vikagawiwa kuanzia mwaka 2014.

Wahadzabe, wawindaji wa bonde la Yaeda, haijawafaa hivyo. Hawazidi elfu chache. Mwaka 1964 serikali ilijaribu kuwakusanya Yaeda Chini waishi kijijini, wakarudi porini. Sasa soma tangazo lolote la nafasi ya Mtendaji wa Kijiji Daraja la III: mwombaji awe na kidato cha nne au cha sita, pamoja na astashahada ya utawala, sheria, maendeleo ya jamii au fani nyingine zilizotajwa, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa. Mtoto wa Kihadzabe huanzia bweni la shule ya msingi Endamagha, Mangola, na wengi hawafiki huko mbele. Kwa hiyo mtendaji atatoka mbali, na kwa Mhadzabe ugeni huo hauna upande wa pili, maana hakuna kijana wake aliyepangiwa Newala.

Na kazi ya utawala wanaifanya tayari. Tangu walipopata hati za kimila za ardhi yao mwaka 2011, walinzi wao wa msitu, chini ya mradi wa kuuza kaboni inayohifadhiwa na msitu huo, hufanya doria, hurekodi wanyama, mitego na miti iliyokatwa, na fedha zinazopatikana hujadiliwa kwenye mikutano yao wenyewe. Sijaona kozi ya Hombolo inayompokea mlinzi huyo kwa daftari lake la doria.