Dhihaka na Tamaa ya Makampuni

Watu wengi hudhani kuwa mchezo wa kuchekesha ni wa kupitisha wakati tu. Lakini tukichunguza historia twaona kwamba mara nyingi mchekeshaji husema hadharani jambo ambalo wakubwa hawapendi lisemwe. Mfano ulio bora ni sinema ya Charlie Chaplin iitwayo Modern Times, iliyotolewa mwaka 1936, wakati Marekani ilipokuwa bado katika dhiki ya uchumi iliyoanza mwaka 1929.

Katika sinema hiyo Chaplin ni kibarua wa kiwanda. Kazi yake ni kukaza nati kutwa kucha, mbele ya ukanda usiosimama. Tajiri hukaa ofisini akiwachungulia wafanyakazi kwa mtambo wa picha, na kila mara huamuru ukanda uendeshwe mbio zaidi. Siku moja wachuuzi wamletea mashine ya kulisha watu, ili mfanyakazi ale papo hapo kazini na saa ya chakula iondolewe. Chaplin afungwa ndani yake ijaribiwe. Mara mashine yaharibika: yamsugua meno kwa gunzi la hindi, yammwagia supu, yamlisha nati za chuma. Watazamaji hucheka hata machozi. Tajiri aikataa mashine ile, lakini si kwa huruma. Aikataa kwa kuwa haifai kazi. Hapo ndipo penye mwiba wa dhihaka.

Tena tuangalie jambo hili: katika sinema hiyo maneno yasikikayo hutoka zaidi katika mitambo. Tajiri husema kwa mtambo wake, na sifa za mashine ya kulisha husemwa na santuri. Kibarua hasikiki, mpaka mwishoni aimbapo wimbo wa maneno yasiyo na maana.

Sasa na tutazame kwetu Machakos. Kampuni ya Liebig ya Uingereza ilijenga kiwanda cha nyama Athi River, nacho kilitaka ng'ombe wengi wa bei rahisi. Katika mwaka 1938 Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wakamba kupunguza mifugo yao, ikisema kwamba ni kwa faida ya ardhi. Ni kweli kwamba udongo ulikuwa ukimomonyoka. Lakini Wakamba walikuwa wamebanwa katika eneo dogo, na baadhi ya malisho yao ya zamani, kama vile vilima vya Mua, yalikuwa mikononi mwa walowezi. Ng'ombe walinadiwa kwa bei duni, na mwenye kufaidika alijulikana.

Wakamba hawakukubali kuwa kama kibarua yule asiye na sauti. Mwezi wa Julai 1938, wakiongozwa na Muindi Mbingu, watu zaidi ya elfu moja, wanaume kwa wanawake, walikwenda Nairobi kumwona Gavana Brooke-Popham, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Mwezi wa Agosti Gavana alikwenda mwenyewe Machakos kuzungumza nao. Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha amri ya kuuza ng'ombe kwa nguvu ilikuwa imesimamishwa.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa miguu ya Wakamba ndiyo iliyookoa ng'ombe, kicheko cha Chaplin kina faida gani? Ni kweli kwamba sinema ile haikufunga kiwanda hata kimoja. Lakini dhihaka hufundisha macho. Tamaa haiji ikijitaja jina lake. Huja imevaa nguo ya msaada, kama mashine iliyosifiwa kuwa ni ya manufaa, au kama mnada uliofanywa kwa jina la udongo. Aliyekwisha kuicheka tamaa katika sinema ataitambua upesi ikibisha hodi mlangoni kwake, naye atauliza mapema: faida hii ni ya nani? Kuuliza ni mwanzo tu; Wakamba wa mwaka 1938 waliuliza, kisha wakaondoka kwenda Nairobi.