Mshipi katika Mashindano ya Kuvua Besi

Mshipi wa besi ni uzi unaounganisha rili ya mvuvi na ndoana yake katika mashindano ya kuvua besi, samaki wa maji yasiyo na chumvi wa jenasi ya Micropterus, ambaye kwao ni Amerika ya Kaskazini. Mshindani wa ngazi ya juu hushuka ziwani na boti yenye injini ya nguvu farasi 250, sona mbili tatu za kumwonyesha kilicho chini, na fimbo kumi au zaidi zilizolazwa sitahani. Humo botini mshipi ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa. Hata hivyo, siku nzima ya kazi na gharama huishia kwenye uzi ambao unene wake haufiki nusu milimita.

Wasomaji wa Kenya wanaweza kuwa wamekutana na samaki huyu bila kujua kwao ni wapi. Besi wa mdomo mpana aliletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, na amekuwa sehemu ya uvuvi wa ziwa hilo tangu hapo. Mashindano yanayoelezwa hapa, lakini, ni ya Marekani.

Wakia zinazoamua

Mchezo huu kwa sura yake ya sasa ulianzishwa na Ray Scott, wakala wa bima wa Montgomery, Alabama, aliyewakusanya wavuvi 106 kwenye bwawa la Beaver Lake, Arkansas, mwezi Juni 1967. Mwaka uliofuata aliunda chama cha B.A.S.S., na mwaka 1971 akaandaa shindano lake kuu, Bassmaster Classic, kwa mara ya kwanza kwenye Lake Mead, Nevada, ambako Bobby Murray aliondoka na dola 10,000. Tangu 1972 Scott alihimiza samaki watunzwe hai kwenye matangi ya boti, wapimwe, kisha warudishwe majini.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kila siku mshindani hupeleka kwenye mizani samaki wake watano bora, na mwenye jumla kubwa ndiye mshindi. Kwa hiyo samaki aliyekata mshipi si hadithi ya kusimulia jioni tu, ni uzito uliotoka kwenye mizani. Mwaka 2005 Classic ilifanyika kwenye mito ya Pittsburgh, Pennsylvania, na samaki wakagoma kula. Kevin VanDam alitwaa taji kwa jumla ya ratili 12 na wakia 15 tu kwa siku tatu, yaani kilo 5.9 hivi. Aaron Martens, aliyekuwa wa pili, alipungukiwa na wakia 6, kama gramu 170. Besi mmoja wa kawaida ana uzito mkubwa kuliko pengo hilo.

Ipo kanuni nyingine inayoubebesha mshipi mzigo, na watazamaji wengi hawaioni. Ligi ya juu ya B.A.S.S. hairuhusu wavu wa mkono. Majini samaki karibu hana uzito, maana maji yanambeba. Akinyanyuliwa tu juu ya ukingo wa boti, uzito wake wote unaning'inia kwenye fundo, na akijipiga hewani mzigo unazidi huo. Besi wa kilo mbili kwenye mshipi mnene hurushwa sitahani bila wasiwasi. Kwenye mshipi mwembamba, mvuvi hupiga magoti, hunyoosha mkono, na kumkamata kwa mdomo wa chini kwa kidole gumba. Anayesahau ni fimbo ipi aliyoshika hujikuta ameshika mshipi mtupu.

Nailoni, florokaboni na uzi wa kusuka

Kabla ya nailoni, mishipi ya besi ilikuwa ya hariri au kitani, na kila jioni ilibidi itolewe kwenye rili ianikwe, la sivyo ingeoza. Nailoni ilibuniwa mwaka 1935 katika maabara ya DuPont huko Wilmington, Delaware, na kundi la Wallace Carothers. Bidhaa yake ya kwanza sokoni, mwaka 1938, ilikuwa nywele za mswaki. Mshipi wa nailoni ni ndugu wa unywele huo: uzi mmoja usiosukwa, uliorefushwa tu. Una sifa mbili zinazovutana. Huvutika sana, hata kufikia robo ya urefu wake kabla ya kukatika, na hunyonya maji, hivyo ukilowa nguvu zake hupungua. Kuvutika huko humsamehe mvuvi makosa. Besi anaporuka juu ya maji na kutikisa kichwa, nailoni hutanuka na kurudi kama mpira, tundu la ndoana mdomoni halichaniki. Jua nalo huidhoofisha, ndiyo maana boti ikiachwa wazi msimu mzima nailoni yake haifai tena.

Florokaboni ni plastiki nyingine kabisa, na kampuni ya Kureha ya Japani ilianza kuiuza kama mshipi mwaka 1971 kwa jina la Seaguar. Hainyonyi maji, haiogopi jua, na huzama, kwa kuwa kila sentimita ya ujazo ina uzito wa gramu 1.78 wakati nailoni ina 1.14. Sifa yake inayotangazwa zaidi ni kutoonekana. Hapo pana chumvi kidogo. Maji hupinda mwanga kwa kipimo cha 1.33, florokaboni 1.42, na nailoni 1.53 hivi. Florokaboni imekaribia maji kuliko nailoni, lakini haijawa maji. Kwenye bwawa lenye tope tofauti hiyo haina maana yoyote, na anayelipa mara tatu kwa sababu hiyo amenunua maneno. Vilevile husemwa haivutiki. Huvutika, tena si haba. Faida zake za kweli ni kuzama, kuhimili msuguano wa mawe, na kupeleka mtetemo mkononi. Hasara yake ni ugumu: kwenye rili ndogo hujikunja kama chemchemi, na fundo lililokazwa vibaya hukatika ghafla bila dalili.

Uzi wa kusuka hutengenezwa kwa nyuzi za polietilini zenye molekuli ndefu mno, zijulikanazo kibiashara kama Dyneema na Spectra, ambazo hutumika pia kwenye fulana za kuzuia risasi. Uliingia katika uvuvi wa besi miaka ya 1990 na kuvuruga hesabu zote, maana uzi wa ratili 50 una unene karibu sawa na nailoni ya ratili 12. Huelea, na karibu hauvutiki kabisa. Mvuvi husikia jani likigusa chambo umbali wa mita thelathini, lakini kila mkupuo wa samaki nao humfikia mzimamzima. Wengi waliotoka kwenye nailoni walianza kupoteza samaki huku mshipi ukiwa salama salimini, kwa sababu ndoana zilikuwa zinang'oka. Tiba yake ilikuwa fimbo laini zaidi na breki ya rili iliyolegezwa. Jambo hilo linastahili kukumbukwa na kila anayepima uimara kwa kukatika peke yake, kwani mshipi usiokatika unaweza kumpoteza samaki vilevile.

Nambari kwenye boksi

Nguvu ya mshipi huandikwa kwa ratili, nayo ni mzigo unaokata uzi mpya, ulionyooka, usio na fundo. Majini hakuna mshipi wa namna hiyo. Isitoshe, mishipi mingi hukatika juu ya nambari yake, kwani mtengenezaji hupendelea mteja aseme mshipi una nguvu. Ile inayouzwa kwa jina la mishipi ya daraja, au hata ya mashindano, huhakikishiwa kinyume: haitapita nambari yake. Hiyo ni ya wanaotafuta rekodi za IGFA, shirikisho la uvuvi wa ndoana lililoundwa mwaka 1939, ambalo huulowesha mshipi kwanza ndipo huukata mashineni. Mshindani wa besi hana faida nayo hata kidogo, maana mizani ya Classic haiulizi samaki ametoka kwenye mshipi wa ratili ngapi. Jina la boksi limewapotosha watu wengi.

Kwa sababu hiyo wenye uzoefu hulinganisha mishipi kwa unene, si kwa nambari. Mishipi miwili iliyoandikwa ratili 12 inaweza kuachana sana kwa kipenyo, na mara nyingi ule ulio na nguvu zaidi ni mnene zaidi, basi.

Fundo na mita ya mwisho

Mshipi mzima haukatiki ovyo. Hukatika kwenye fundo, au katika mita ya mwisho kabla ya ndoana, ile inayosugua mawe, nguzo za magati, visiki na makombe ya kome wadogo wenye ncha kali waliotapakaa katika Maziwa Makuu ya Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Fundo la kawaida lililojifunga lenyewe upepo ulipovuma linaweza kuondoa karibu nusu ya nguvu ya uzi. Mvuvi asiyeliona hubaki akiilaumu kampuni.

Fundo linalotumiwa na wengi ni Palomar. Mshipi hukunjwa mara mbili, kitanzi hupitishwa kwenye tundu la ndoana, hufungwa fundo la kawaida bila kukazwa, kisha ndoana nzima hupenyezwa ndani ya kitanzi. Kabla ya kuvuta, fundo huloweshwa kwa mate. Hili si tambiko. Florokaboni ikivutwa ikiwa kavu, msuguano hutoa joto linalouumiza uzi pale pale penye kazi, na jeraha hilo husubiri samaki mkubwa. Likishaloweshwa, fundo huvutwa polepole mpaka mizunguko ilale bila kupandana, kisha mvuvi huukata mkia, hushika ndoana kwa koleo, na kuvuta kwa nguvu mara moja. Likikatika hapo limekatika bure, hapakupotea kitu.

Mita ya mwisho hukaguliwa kwa midomo. Mvuvi hubana mshipi kati ya midomo yake na kuuvuta taratibu, kwa sababu ngozi ya mdomo huhisi mkwaruzo ambao kidole chenye sugu hakiuhisi. Akigusa palipokwaruzika hukata nusu mita na kufunga upya, hata kama samaki wanakula wakati huo huo. Hapo ndipo mshindani hutofautiana na mvuvi wa Jumapili. Wote wawili wanajua kwamba mshipi umekwaruzika, ila mmoja hujiambia atarusha mara moja tu zaidi.

Uzi wa kusuka una mitego yake. Huteleza juu ya rili ya chuma laini, kiasi kwamba mpini unazungushwa na samaki haji, hivyo chini yake hutangulizwa nailoni kidogo au utepe wa gundi. Ukivutwa kwa nguvu ukiwa umekaa legelege, huzama katikati ya mizunguko mingine na kukwama. Na kwa kuwa ni mwembamba, hukata ngozi: anayejaribu kunasua chambo kwa kuuzungushia kiganjani anajitafutia kushonwa.

Kuchagua kwa maji yaliyopo

Penye magugu mazito, kama Okeechobee ya Florida au Guntersville ya Alabama, hutumika uzi wa kusuka wa ratili 50 hadi 65, unaokata mashina ya magugu wakati samaki anavutwa. Chambo cha umbo la chura kinachoburuzwa juu ya majani hakina mshipi mwingine wa kukifaa. Kwa chambo kinachozama na kugonga mawe, florokaboni ya ratili 10 hadi 20 kulingana na uzito wa chambo. Kwa chambo cha juu ya maji chenye ndoana za meno matatu, nailoni bado ina watu wake, na wana haki: huvutika na haining'inizi pua ya chambo chini.

Kwenye maji mangavu ya kaskazini, kama Mto St. Lawrence, wengi huunganisha. Uzi mwembamba wa kusuka wa ratili 10 hujaa kwenye rili, na mbele yake hufungwa mita kadhaa za florokaboni ya ratili 6 au 8. Kiungo hufungwa kwa fundo la FG, ambamo uzi wa kusuka huzungushwa kushoto na kulia juu ya florokaboni mara ishirini hivi mpaka uibane, nalo hupita kwenye pete za fimbo bila kugonga. Ni fundo gumu kulifunga kwenye boti inayoyumba, kwa hiyo hufungwa usiku hotelini.

Nailoni na florokaboni iliyochakaa hukusanywa katika maduka mengi ya vifaa vya uvuvi nchini Marekani ili iyeyushwe na kutumika upya. Uzi wa kusuka haupokelewi. Huo hukatwakatwa vipande vifupi, ili usimnase ndege, na kutupwa pamoja na taka za kawaida.