Kasha ghali la barafu: Je, lamfaa mvuvi wa Ziwa Victoria?

KWA mchuuzi wa samaki mjini Kisumu, ni saa chache tu zinazotenganisha faida na hasara. Mbuta aliyetolewa majini alfajiri na kuachwa ndani ya mashua bila barafu huanza kulegea kabla ya adhuhuri, na ifikapo jioni hawezi tena kuuzwa kama samaki mbichi.

Samaki wa namna hiyo huishia kwa wakaangaji au kwa wanaokausha. Ngege aliyepasuliwa na kuanikwa juani, ambaye Waluo humwita obambla, ana walaji wake wengi. Lakini mchuuzi aliyenunua kwa bei ya samaki mbichi na kulazimika kuuza kwa bei ya samaki aliyechacha hupoteza mtaji, wala si faida pekee.

Ndiyo maana sanduku la barafu ni chombo cha kazi katika fuo za Dunga, Usenge, Mbita na Sori, kama ulivyo wavu au kasia. Swali linalowakabili wengi ni iwapo makasha ya bei kubwa kutoka ng'ambo, yanayosifiwa kuhifadhi barafu kwa siku nyingi, yanastahili fedha hizo.

Asili ya makasha ghali

Mwaka 2006, ndugu wawili, Roy na Ryan Seiders, walianzisha kampuni ya Yeti mjini Austin, katika jimbo la Texas, Marekani. Wateja waliowalenga walikuwa wavuvi na wawindaji waliochoshwa na makasha mepesi ambayo bawaba na vifuniko vyake vilivunjika upesi.

Kasha la aina hiyo huundwa kwa plastiki inayoyeyushwa ndani ya kalibu inayozungushwa, hivyo ganda lake huwa kipande kimoja kinene kisicho na viungo. Kuta hujazwa povu la poliurethani, nao mfuniko hukazwa kwa mpira mfano wa ule wa mlango wa friji. Kampuni nyingine nyingi zimefuata mtindo huo.

Kasha la Yeti liitwalo Tundra 45 huuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 300. Kwa kiwango cha Sh129 kwa dola, hizo ni karibu Sh39,000 kabla ya nauli, ushuru na kodi ya VAT ya asilimia 16. Kasha hilo huwa na uzani wa kilo 10 hivi likiwa tupu.

Nchini Kenya, sifa ya makasha hayo kwa wawindaji haina uzito, kwa kuwa uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977. Hapa swali ni la uvuvi na biashara ya samaki.

Barafu hufanyaje kazi?

Kilo moja ya barafu inapoyeyuka hufyonza joto la kilojuli 334. Ili samaki mwenye uzani wa kilo moja apozwe kutoka nyuzi 27 za Selsiasi hadi sufuri, ni lazima aondolewe joto la kilojuli 97 hivi.

Maana yake ni kwamba karibu gramu 300 za barafu huisha kwa kumpoza tu kila kilo ya samaki. Hakuna kasha, liwe la mbao au la maelfu ya shilingi, linaloweza kukwepa gharama hiyo. Kazi ya kasha ni kulinda barafu inayosalia dhidi ya joto linalopenya kutoka nje.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wa uhifadhi wa samaki katika nchi za joto hupendekeza kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Kasha la lita 35, lipangwe hivyo, haliwezi kubeba zaidi ya kilo 11 hivi za samaki. Kwa mama samaki anayepeleka mzigo katika soko la Kibuye, hicho ni kiasi kidogo mno.

Hesabu ya kuta

Tofauti ya kweli kati ya makasha imo ndani ya kuta. Chukua mfano wa kasha la lita 100 lililopakiwa kilo 30 za samaki na kilo 30 za barafu, likawekwa kivulini penye joto la nyuzi 28 na mfuniko ukafungwa vyema. Baada ya samaki kupozwa, husalia barafu ya kilo 21 hivi.

Kuta za polistirini, lile povu jeupe linalokinga televisheni ndani ya katoni, zikiwa na unene wa sentimita mbili na nusu, zitaruhusu barafu ya kilo 15 hivi kuyeyuka kwa siku moja. Akiba itakwisha baada ya siku moja na nusu.

Kuta za poliurethani zenye unene wa sentimita tano zitapoteza kilo tano hadi sita kwa siku. Akiba itadumu kwa karibu siku nne.

Povu hilo likiongezwa hadi sentimita saba na nusu, kama ilivyo katika baadhi ya makasha ghali, hasara itapungua hadi kilo tatu na nusu hivi kwa siku, na barafu itadumu kwa karibu siku sita.

Hayo ni makadirio, lakini yanaonyesha jambo moja wazi. Kuhama kutoka kasha duni hadi la wastani huokoa karibu kilo 10 za barafu kila siku. Kuhama kutoka la wastani hadi la kifahari huokoa takribani kilo mbili pekee.

Nani anayelihitaji?

Safari ya kutoka Dunga hadi masoko ya Kisumu ni ya muda mfupi. Hata mzigo unaosafirishwa usiku hadi Nairobi, mwendo wa kilomita 350 hivi, hufika kabla ya siku moja kupita. Kwa safari hizo, kasha lenye sentimita tano za povu zuri latosha na kusaza.

Kasha la kifahari laweza kujilipia kwa anayekaa siku kadhaa mbali na mahali pa kununua barafu, kwa mfano mfanyabiashara anayekusanya samaki visiwani kabla ya kurejea bara, au mtalii anayekwenda Rusinga na Mfangano kuvua mbuta kwa ndoano. Kwa wengine, fedha hizo zingefaa zaidi zikinunua barafu, kwani kasha bora lisilo na barafu ya kutosha ni sanduku tu.

Mvuvi wa omena naye halimhusu sana, kwa sababu sehemu kubwa ya samaki hao wadogo hukaushwa juani ufuoni.

Hata hivyo, si busara kukimbilia kasha rahisi kupita yote. Polistirini hupasuka na kumeguka, hunywa maji ya samaki na haisafishiki vyema, na vipande vyake huishia ziwani. Anayelazimika kununua jipya kila baada ya miezi michache aweza kujikuta ametumia zaidi ya aliyenunua la wastani mara moja.

Njia nyingine ni friji iliyokufa. Kuta zake zina povu tayari, na ikiwa mpira wa mlango ungali mzima, hulazwa chali ikawa kasha kubwa la bei nafuu. Gesi iliyosalia sharti iondolewe kwanza na fundi, na ndani paoshwe vizuri.

Usafi

Barafu iliyotengenezwa kwa maji machafu ya ziwa humpoza samaki huku ikimpaka vijidudu. Kati ya mwaka 1997 na 2000, masoko ya Ulaya yalifungiwa samaki wa Ziwa Victoria mara kadhaa kwa hofu ya salmonela, kipindupindu na sumu za kuulia wadudu. Walioumia ni pamoja na wavuvi wa mwambao ambao hawakuwahi kuiona Ulaya.

Kwa hiyo mnunuzi achunguze kwanza mambo haya: ndani pawe laini pasipo nyufa, pawe na tundu la kutolea maji, na mfuniko ukaze pande zote. Maji ya barafu yaliyochanganyika na damu yatolewe mara kwa mara, na kasha lioshwe kwa maji safi na sabuni kila baada ya safari.

Matumizi nayo yana uzito kuliko jina la kampuni. Kasha lililoachwa juani, au linalofunguliwa kila mteja anapopita, hupoteza barafu nyingi kuliko inavyokadiriwa hapo juu. Barafu ipondwe, iwekwe chini, kati na juu ya samaki, na nafasi tupu isiachwe.

Wasiomudu hata kasha la wastani wanaweza kushirikiana. Vikundi vya usimamizi wa fuo, vinavyojulikana kama BMU na ambavyo viliwekewa kanuni mwaka 2007, huwaleta pamoja wavuvi, wachuuzi na wenye mashua. Kasha kubwa moja linalomilikiwa na kikundi huhifadhi barafu kwa muda mrefu kuliko madogo kumi, kwa kuwa eneo la kuta zake ni dogo likilinganishwa na mzigo wake.

Mchuuzi mwenye barafu ndani ya kasha hushindania bei akiwa ametulia. Asiyekuwa nayo hupangiwa bei na jua.